Kutenga, Kuandikisha na Kupokezana: Viendeshi na Maeneo ya Kumbukumbu ya Vifaa Katika Kiswahili cha Kompyuta



1.0 Utangulizi

Mhadhara wa taaluma za Kiswahili aghalabu hutarajiwa kuhusu ushairi, riwaya, lahaja au sarufi. Leo nawaomba radhi kwa kuwapeleka mahali ambapo wanaisimu hatufiki mara kwa mara, yaani ndani ya mfumo wa uendeshaji wa kompyuta, katika tabaka ambalo mtumiaji halioni hata siku moja isipokuwa siku linapoharibika.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye sura ya Kiswahili. Kazi ile ilikuwa ya maneno yanayoonekana juu ya kioo: majina ya menyu, vitufe na jumbe. Yaliyomo chini ya kioo hayakuguswa, wala hayakukusudiwa kuguswa. Hata hivyo, fundi na mwanafunzi wa kompyuta hawafanyi kazi juu ya kioo. Wao hushuka chini, na wakifika huko hukuta kwamba Kiswahili kimewaacha njiani.

Nimechagua jambo moja tu la huko chini. Kompyuta moja ina vifaa vingi: kadi ya mtandao, kadi ya picha, kadi ya sauti, chipu ya kupima joto na kuongoza feni. Kila kifaa kina kiendeshi chake, yaani programu inayojua kuzungumza nacho. Viendeshi hivi vyote hufikia vifaa vyao kwa kupitia anwani za kumbukumbu, na anwani hizo zinatoka katika bohari moja. Je, kiendeshi hupataje haki ya kutumia anwani fulani? Na vikitokea viwili vinavyotaka mahali pamoja, inakuwaje?

Waandishi wa Kiingereza hueleza jambo hili kwa kitenzi chao cha claim, na mfasiri wetu huandika “kudai” au “kumiliki” kisha akaendelea na safari. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba vitenzi vyote viwili vinapotosha, na kwamba upotoshaji huo unaweza kumgharimu mtu kifaa chake. Kiendeshi hakidai, wala hakimiliki. Kiendeshi huandikisha jina lake katika daftari, na daftari hilo halina mlinzi mlangoni.

Neno moja kuhusu istilahi nitakazozitumia. Nasema kompyuta, ingawa wenzetu wa Kenya wengi husema tarakilishi. Sina ugomvi na neno lolote kati ya hayo mawili. Nasema kiendeshi, kutokana na kitenzi endesha na kiambishi ki- cha ala, ingawa katika maduka ya mafundi neno linalosikika ni draiva. Ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa uendeshaji, inayoshika hatamu za vifaa vyote, nitaiita kiini. Mifano yangu yote imetoka katika kiini cha Linux, kwa sababu msimbo wake uko wazi na kila mtu anaweza kuukagua.

2.0 Anwani isiyofika kwenye kumbukumbu

Prosesa haijui kadi wala feni. Inachojua ni namba. Hutoa namba, ikasoma au ikaandika mahali namba hiyo inapoelekeza. Namba hiyo ndiyo tunayoiita anwani, na msomaji wa kawaida hudhani kwamba kila anwani huishia katika chipu za kumbukumbu. Sivyo. Baadhi ya anwani huelekezwa kwenye vifaa, na huko huishia katika visanduku vidogo vya kifaa viitwavyo rejesta.

Wengi wenu mmewahi kuuona ushahidi wa jambo hili bila kulitambua. Katika miaka ya 2000 mtu alinunua kumbukumbu ya gigabaiti 4, akaitia katika mashine yenye mfumo wa biti 32, kisha mashine ikamwonyesha gigabaiti 3 na kitu. Muuzaji alilaumiwa bure. Biti 32 hutoa anwani 4,294,967,296, basi, na vifaa navyo vilihitaji sehemu yake ndani ya hesabu hiyo hiyo. Kumbukumbu iliyozidi ilikuwapo ndani ya mashine, ila haikuwa na anwani ya kuitwa kwayo.

Tofauti kati ya kumbukumbu na rejesta ndiyo kiini cha maneno yote yatakayofuata, kwa hiyo naomba tukae hapa kidogo. Kuandika katika kumbukumbu ni kuhifadhi: unaweka 7, ukirudi unaikuta 7. Kuandika katika rejesta ni kuamuru: unaweka 7, na kifaa kinaanza kutuma data, au kinajizima, au kinafuta chipu yake. Hata kusoma si kitendo cha usalama. Katika kadi za mtandao za Intel za gigabiti, kwa mfano, ipo rejesta inayoeleza kwa nini kadi imeishtua prosesa, na yaliyomo hufutika pale tu yanaposomwa. Programu ya pili ikija kuchungulia baada ya ya kwanza, haikuti kitu. Kwa hiyo mtu asiyehusika hawezi kujitetea kwa kusema kwamba alikuwa anatazama tu.

Hapo zamani ugawaji wa anwani ulifanywa na binadamu. Katika kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, anwani za kilobaiti 640 za mwanzo zilikuwa za kumbukumbu, na kilobaiti 128 zilizofuata zikaachiwa kadi za kioo. Kadi nyingine ziliwekewa anwani kwa kuhamisha vibano vidogo vya chuma juu ya kadi yenyewe. Fundi akisahau, kadi mbili zilijikuta katika anwani moja, zote zikaitika kwa pamoja, na hakuna iliyosikika.

Utaratibu wa PCI, uliotolewa mwaka 1992, uliondoa vibano hivyo. Kila kadi sasa hueleza yenyewe inahitaji nafasi ya ukubwa gani, na inaweza kuomba hadi nafasi sita. Namna ya kuiuliza inapendeza: mwulizaji huandika tarakimu 1 katika biti zote za rejesta ya anwani, kisha husoma kilichobaki, biti zinazokataa kugeuka ndizo zinazoonyesha ukubwa. Baada ya hapo BIOS, au UEFI katika mashine za leo, au kiini chenyewe, huipa kila nafasi anwani yake. Kitendo hiki hufanywa na mwenye mamlaka, kutoka juu, kabla kiendeshi chochote hakijaamka. Kiswahili kina kitenzi chake tayari: kutenga. Serikali hutenga eneo la hifadhi, mzee hutenga shamba la mtoto aliye safarini. Aliyetengewa hajafika bado, na pengine hatafika.

3.0 Daftari na wanaoliandika

Baada ya kutenga ndipo kiendeshi huja. Katika Linux kiini huweka orodha ya maeneo yote, nayo ina umbo la mti: eneo kubwa hubeba maeneo madogo ndani yake. Mwenye mamlaka ya msimamizi wa mashine anaweza kuisoma kwa kufungua faili /proc/iomem. Huko atakuta, kwa mfano, mstari unaotaja eneo pamoja na namba 0000:00:19.0, ambayo ni mahali kadi ya mtandao ilipokaa katika bodi. Chini ya mstari huo, umeingia ndani kidogo, atakuta mstari mwingine wenye anwani zile zile na jina e1000e, ambalo ni jina la kiendeshi. Mtu asiyejua atadhani orodha imejirudia. La hasha. Mstari wa kwanza unasema eneo limetengwa kwa ajili ya kadi ile. Wa pili unasema kiendeshi fulani kimefika na kuandika jina lake.

Mbali na anwani za kumbukumbu, kompyuta za ukoo wa IBM zina fungu jingine dogo la anwani ziitwazo milango, zenye daftari lao pacha, /proc/ioports. Kanuni ni zile zile, na mifano yangu miwili ya baadaye itatoka humo.

Kuandika jina hufanywa kwa amri iitwayo request_mem_region. Kiendeshi hutaja mwanzo wa eneo, urefu wake na jina lake. Ikiwa hakuna aliyetangulia, jina linaingia. Ikiwa yupo, kiendeshi hurudishiwa jibu la kukataliwa, na kwa desturi hujiondoa kimyakimya au kwa manung’uniko machache katika kumbukumbu za matukio.

Hakuna hakimu anayepima nani anastahili. Anayetangulia ndiye anayepata. Wakazi wa Dar es Salaam hatuhitaji kufafanuliwa: huku ni kuwahi. Mwanafunzi huingia ukumbini saa moja kabla ya mhadhara, akaweka daftari juu ya kiti, akaenda kunywa chai. Daftari lile halina kufuli. Halimzuii mtu yeyote kukaa. Linafanya kazi kwa sababu kila aingiaye hutazama kiti kabla ya kuketi, na kwa sababu hiyo tu.

Zamani palikuwapo na amri mbili. Ya kwanza, check_region, iliuliza kama eneo liko wazi. Ya pili ndiyo iliyoandikisha. Ilikuwa kama kupiga hodi, kusikia kimya, kisha kurudi nyuma kuchukua mizigo. Katika muda huo mdogo kiendeshi kingine nacho kingeweza kupiga hodi, kikasikia kimya kile kile, na vyote viwili vikaingia vikiamini nyumba ni tupu. Kasoro hii ilipotambuliwa, wenye viendeshi waliambiwa waache kuuliza. Waandikishe moja kwa moja na wasikilize jibu. Amri ya kuuliza hatimaye iliondolewa kabisa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo nilipolielewa mara ya kwanza lilinishangaza. Kuandikisha hakumpi mtu njia ya kufika. Programu ndani ya kiini hazitumii anwani halisi za vifaa. Hutumia anwani za ndani, ambazo prosesa huzifasiri kwa kufuata majedwali yaliyoandaliwa na kiini. Ili kiendeshi kifike kwenye rejesta, kiini lazima kiongeze katika majedwali hayo njia ya kutoka anwani ya ndani hadi anwani ya kifaa. Hilo hufanywa na amri nyingine, ioremap. Na ioremap haifungui daftari. Haiulizi kama mwombaji ameandikishwa, wala kama eneo lina jina la mwingine. Kiendeshi kinaweza kuandikisha bila kufungua njia. Kinaweza pia kufungua njia bila kuandikisha, na katika historia ya Linux vingi vimefanya hivyo, ama kwa uzembe wa mwandishi ama kwa sababu za msingi. Mwaka 2013 iliongezwa amri inayofanya mambo yote mawili kwa mpigo mmoja ili waandishi wasisahau la kwanza. Lakini hata leo vitendo hivi bado ni viwili.

4.0 Kudai, kumiliki, kuhodhi

Tukiwa na picha hiyo, turejee kwenye vitenzi.

Kudai kuna mambo mawili ndani yake. Kwanza kuna deni: ninamdai fulani, yaani ana changu. Pili kuna shaka: magazeti yetu husema “shahidi alidai” pale mwandishi asipotaka kubeba dhamana ya maneno hayo. Katika maana zote mbili yupo mtu wa upande wa pili anayebishiwa. Kiendeshi kinapoandika jina hakibishani na mtu. Hoja zake haziwezi kushinda wala kushindwa. Kimewahi au kimechelewa.

Kumiliki ni hatari zaidi kwa sababu ni kitenzi cha heshima. Kinanukia hati, mahakama na mipaka yenye mawe. Mwanafunzi akiambiwa kwamba kiendeshi e1000e “kinamiliki” eneo lile, ataamini kwamba hakuna programu nyingine inayoweza kuligusa. Akija kukuta kadi imeharibika, atamkamata mmiliki peke yake. Kama tutakavyoona punde, hivyo ndivyo walivyoanza watu wazima wenye ujuzi mkubwa.

Kuhodhi kumewahi kupendekezwa katika mazungumzo ya faragha. Kinakaribia ukweli kwa upande wa kuweka kitu kando. Hata hivyo, kwa Watanzania wa umri fulani kitenzi hiki hakijaachana na mwaka 1983 na msako wa wahujumu uchumi, sukari na sabuni zikitolewa chini ya vitanda. Kinabeba lawama, na kiendeshi kinachoandikisha hakina hatia yoyote. Tena ndicho chenye adabu.

Napendekeza kuandikisha. Kitenzi hiki kina mwandikaji, daftari na jina, na kinaacha wazi swali la kama kuna mtu anayelisoma daftari hilo. Kwa ioremap napendekeza kufungua njia, na kwa kuondoa jina, kuachia. Haya ni maneno ya kila siku na sioni haya kuyaleta. Tabia yetu ya kukimbilia Kiarabu au Kilatini kila tunapoona mashine imetuzalia istilahi nyingi ambazo hazijawahi kutamkwa na fundi hata mmoja.

5.0 Kadi zilizokufa mwaka 2008

Katika miezi ya Agosti na Septemba 2008, watu waliokuwa wakijaribu toleo la 2.6.27 la kiini cha Linux kabla halijakamilika walianza kupoteza kadi zao za mtandao. Zilikuwa kadi za Intel zilizounganishwa ndani ya bodi za kompyuta za kawaida, zile zinazoendeshwa na e1000e. Mashine iliwashwa, na kadi haikuwapo. Kurudi kwenye toleo la zamani hakukusaidia, na kuweka mfumo mwingine kabisa hakukusaidia pia, kwa maana madhara yalikuwa yameingia ndani ya chipu.

Kila kadi ya aina hii ina sehemu ya kumbukumbu isiyofutika umeme unapokatika. Humo huhifadhiwa namba ya utambulisho ya kadi na maelekezo ya kuiwasha, pamoja na hesabu ya uhakiki. Yaliyomo yakivurugika hesabu haiwi sawa, na kiendeshi hukataa kuiwasha kadi. Aliyekuwa na nakala ya yaliyomo aliweza kuyarudisha. Wangapi kati yetu huweka nakala ya kitu ambacho hatujui kama kipo?

Mshukiwa wa kwanza alikuwa e1000e. Jina lake ndilo lililokuwa katika daftari. Mshukiwa wa pili alikuwa programu ya kuchora kioo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na tabia ya kufikia vifaa moja kwa moja kupitia faili /dev/mem bila kupitia kiendeshi. Wahandisi wa Intel waliongeza kinga iliyofunga uandishi katika kumbukumbu ile ya kadi, na hiyo ilizuia vifo zaidi. Lakini mwuaji alikuwa bado hajajulikana.

Alipatikana mwezi Oktoba, na hakuwa yeyote kati ya hao. Toleo lile lilikuwa na chombo kipya, kifuatiliaji, ambacho kazi yake ni kuwaonyesha wahandisi ni sehemu gani za kiini zinazotumika na kwa mfuatano gani. Mwanzoni mwa karibu kila sehemu ya msimbo huwekwa mwito mdogo wa kukiarifu kifuatiliaji. Ili mashine isipungue kasi, kifuatiliaji hukusanya anwani za miito hiyo na baadaye huirudia mmoja mmoja, akibadilisha mwito kwa amri isiyofanya kitu. Sasa, baadhi ya anwani alizozikusanya zilikuwa katika sehemu za viendeshi zinazotumika wakati wa kuamka tu, ambazo kiini huzitupa mara kiendeshi kikishaamka. Sehemu ikitupwa, anwani yake ya ndani huwa huru. Kisha e1000e kikaja kufungua njia ya kwenda kwenye kumbukumbu ya kadi, na kiini kikampa anwani ile ile iliyoachwa.

Kifuatiliaji kikarudi na orodha yake ya zamani. Kilitumia amri ya prosesa inayolinganisha kwanza na kubadilisha tu ikiwa kilichopo ndicho kilichotarajiwa. Mwandishi wake alikuwa mwangalifu: kama msimbo haupo tena, ulinganisho utashindwa na hakuna kitakachobadilika. Katika kumbukumbu ya kawaida hoja hiyo ni sahihi. Lakini prosesa za ukoo huu, hata ulinganisho unaposhindwa, hukamilisha mzunguko wa kuandika kwa kurudisha thamani ile ile iliyosomwa. Katika kumbukumbu hakuna anayetambua. Kwenye kifaa, kuandika ni kuamuru, na kadi ikapokea amri ambayo hakuna aliyekusudia kuitoa.

Oktoba ile ile sehemu hiyo ya kifuatiliaji ilizimwa, hadi ilipoandikwa upya.

Tazameni daftari lilikuwa na hali gani wakati wote huo. Jina la e1000e lilikuwa mahali pake, limeandikishwa kwa haki. Kifuatiliaji hakikuwahi kulifungua daftari, na hakikuwa na sababu: hakikujua kwamba kinakwenda kwenye kifaa. Anayeitwa “mmiliki” alikuwa ndani ya nyumba yake, na nyumba ikabomolewa na mtu aliyekuwa akitafuta kibanda kilichohamishwa. Neno kumiliki lingewatuma wapelelezi mlango usio wenyewe, na kwa muda ndivyo ilivyokuwa.

Kisa hiki kilileta pia badiliko katika daftari lenyewe. Toleo la 2.6.29, la Machi 2009, liliongeza namna ya kuandikisha eneo kwa sharti kwamba programu za nje ya kiini zisilifikie kupitia /dev/mem, na e1000e kikawa miongoni mwa waliolitumia. Mwaka 2016 iliongezwa hiari ya kulieneza sharti hilo kwa kila eneo ambalo kiendeshi kimeliandikisha. Kwa mara ya kwanza daftari likapata askari, ingawa analinda lango la nje tu. Kifuatiliaji kilikuwa ndani. Askari huyu asingemwona.

6.0 Kushirikiana

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kila eneo lina mhitaji mmoja. Mara nyingi si hivyo, na hapa Kiswahili kina utajiri ambao tungekosea kuufunika kwa neno moja la “kushiriki”.

Katika bodi nyingi ipo chipu moja inayokusanya kazi ndogondogo: kupima joto, kuongoza feni, kuhesabu muda wa kuiwasha mashine upya ikiganda. Chipu hii hufikiwa kwa milango miwili tu, aghalabu 0x2e na 0x2f. Katika mlango wa kwanza unaandika namba ya rejesta unayoitaka. Katika wa pili unasoma au kuandika yaliyomo. Kiendeshi cha joto kikiandika namba yake, kisha kabla hakijasoma kiendeshi cha saa kikaandika namba nyingine, cha joto kitasoma habari za saa na kudhani ndizo nyuzi za joto. Kikiwa kinaandika, kitabadilisha kisichokusudiwa. Kuandikisha kwa kawaida hakufai hapa, kwa sababu wa kwanza akikaa moja kwa moja wengine wote watakosa. Mwaka 2010 iliongezwa namna nyingine: anayekuta milango imeshikwa hakataliwi, bali hulala hadi iachiwe, na anayeishika hufanya jambo lake fupi na kuiachia. Huku ni kupokezana. Hakuna mbia hapa wala shirika. Kuna zamu, kama kata moja kwenye mtungi mmoja.

Katika simu na mashine ndogo, rejesta za kazi mbalimbali zimerundikwa ndani ya eneo moja, biti hii ya saa, biti ile ya umeme. Viendeshi viwili vikiandikisha eneo hilo, cha pili hukataliwa. Suluhisho la huko ni kwamba eneo hushikwa na msimamizi mmoja, na viendeshi vyote humpelekea yeye maombi ya kusoma na kuandika, naye huyapanga. Hapo kweli naweza kusema wanatumia kwa ubia, chini ya msimamizi.

Ipo namna ya tatu, nayo hutokea kila mashine inapowashwa. Picha ya kwanza kioni hutoka kwa kiendeshi cha muda kinachotumia eneo ambalo UEFI imeliacha tayari. Eneo hilo liko ndani ya nafasi ya kadi ya picha. Kiendeshi halisi cha kadi kinapoamka lazima kwanza kimwondoe yule wa muda, ndipo kifanye kazi yake. Mpito huu ukienda vibaya kioo hubaki cheusi. Huku ni kukabidhiana, na neno hilo tunalo tangu walinzi wa usiku walipoanza kuwapisha wa mchana.

Mwaka 2009 ulitokea mgongano wa aina nyingine, ambao mtu anayetaka kuelewa mipaka ya daftari hana budi kuujua. Bodi nyingi zina msimbo wa mtengenezaji, ulio katika majedwali ya ACPI, ambao kiini huutekeleza kwa niaba ya bodi. Msimbo huo nao hugusa chipu ya joto, kwa milango ile ile ambayo kiendeshi cha Linux kinaitumia, bila kupokezana na mtu. Kabla ya hapo kiendeshi kiliruhusiwa kuandikisha na wote wawili waligusa. Toleo la 2.6.31 likabadili msimamo: eneo lililotajwa na ACPI likawa halitolewi kwa kiendeshi. Watu waliokuwa wakisoma joto na mwendo wa feni zao jana, leo wakakuta havisomeki, na wakalalamika kwamba kitu kizima kimevunjwa. Iliwekwa njia ya kulegeza, acpi_enforce_resources=lax, kwa anayekubali kubeba hatari mwenyewe. Kwa bodi kadhaa za Asus palikuwa na njia bora zaidi, kiendeshi asus_atk0110, ambacho hakigusi chipu bali humwomba msimbo wa bodi asome na kumletea majibu.

Walalamikaji nawaelewa. Joto lilisomeka vizuri kwa miaka, na madhara waliyokingwa nayo hayakuwa yamewafika. Hata hivyo, nadhani waliobadili walikuwa na haki, kwa kuwa chipu ile huongoza feni pia.

7.0 Ujumbe mmoja wa kosa

Nimalizie kwa kazi ya tafsiri iliyo mbele yetu. Kiendeshi kikikuta eneo lina jina la mwingine, jibu linalorudi ni EBUSY, na maneno yake ya Kiingereza husema kwamba kifaa au rasilimali ina shughuli. Mfasiri wa haraka ataandika “Kifaa kinatumika”. Fundi akisoma hivyo atafunga programu moja baada ya nyingine, atasubiri kidogo, atajaribu tena, na atapata jibu lile lile.

Mimi ningeandika “Eneo limekwisha andikishwa”. Ujumbe huu humpeleka fundi kwenye daftari kutafuta jina la nani, na jina hilo ndilo litakaloamua la kufanya: kukabidhiana, kupitia kwa msimamizi, au kukiondoa kiendeshi kilichowahi bila sababu. Tena una faida moja ambayo “kinatumika” haina. Kabla ya mwaka 2007, kiini kilipoanza kuwa na utaratibu wa kuachia kwa niaba ya kiendeshi kinachoondoka, kila mwandishi alipaswa kukumbuka mwenyewe kufuta jina, na waliosahau hawakuwa wachache. Wapo hadi leo wasiotumia utaratibu huo. Kiendeshi huondolewa, jina likabaki katika daftari, na anayekuja nyuma yake hukataliwa kwa ajili ya aliyekwisha ondoka. Hapo kifaa hakitumiki na yeyote. Lakini eneo limeandikishwa.